Tanzia za Jarida la Neema

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni nchi yenye uhuru mpana, na kila aliyewahi kuutumia uhuru huo alipewa ulinzi wa saa zote, chumba cha bure, na mlango unaofungwa kwa nje. Mimi nyumba ninayo, sina haja ya kuwasumbua.

Inatosha kusema kwamba nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Furaha, na Wizara ya Furaha ilikuwa na jarida la barua pepe liitwalo Neema, ambalo kila raia mwenye simu alilipokea alfajiri kabla hajanawa uso. Hakuna aliyelazimishwa. Chini kabisa palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Nimetosheka", na aliyekibonyeza alitakiwa tu kukaa nyumbani angoje, waje mabwana wawili wenye miwani myeusi wamuulize kwa upole ametosheka na nini.

Mhariri Mkuu wa Neema alikuwa Mbaruku, mtu mwenye kalamu nyepesi, shingo laini, na kiyoyozi chake mwenyewe ofisini. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bi. Mwatumu, mjane wa mtaa wa Mikoroshoni, ambaye mji mzima ulimjua kwa jambo moja: hakosi msiba. Turubai likifungwa, yeye ameshafika kabla kamba ya mwisho haijakazwa, sufuria kichwani, kanga moja kajifunga na nyingine kaileta kwa ajili ya mfiwa. Ameosha maiti za watu aliowapenda na za watu waliomtukana sokoni.

"Mimi sina shamba wala ghorofa," alikuwa akimwambia mwanawe. "Nataka kitu kimoja tu. Siku yangu ikifika, jeneza langu lipokezanwe mpaka wengine wakose pa kushika."

"Utazikwa na taifa zima, mama," Mbaruku alimjibu. "Anwani za taifa zima ninazo mimi."

Shida ni kwamba Neema lilikuwa halisomwi. Mbaruku alilianza kila siku kwa itifaki, kama inavyotakiwa: salamu kwa Mtukufu Rais, kwa mke wa Mtukufu, kwa mama mkwe wa Mtukufu, kwa mawaziri wote kwa urefu wa vyeo vyao, kwa wakuu wa mikoa, na kwa farasi wa gwaride aliyekuwa na cheo cha luteni. Msomaji alipofika kwenye habari yenyewe, kidole kilikuwa kimeshachoka na kifurushi cha intaneti kimekwisha.

Siku moja Waziri wa Furaha, Mheshimiwa Dokta Ngwali, ambaye udokta wake alitunukiwa na chuo alichokianzisha mwenyewe, alimwita Mbaruku.

"Mtukufu kaniuliza tukiwa tunakunywa chai," alisema Waziri. "Kaniambia, Ngwali, wananchi wangu wananisoma? Nikamwambia wanakusoma mpaka wanalia. Sasa mimi si mtu wa kusema uongo, Mbaruku. Kwa hiyo fanya iwe kweli kabla ya Sikukuu ya Shukrani."

Ndipo Wizara ikanunua msaidizi wa akili mnemba wa kuliendesha jarida: kuwatazama wasomaji, kujua wanafungua nini na wanafuta nini, na kutoa ushauri. Akapewa jina la Mtiifu. Alizinduliwa kwa ngoma tatu na mbuzi mmoja. Waziri akakata utepe uliofungwa kwenye kompyuta, akakata na waya wa umeme humo humo, ikabidi Mtiifu azinduliwe tena wiki iliyofuata na mbuzi mwingine.

Mtiifu alizungumza kwa sauti ya upole kupitia spika ndogo mezani. Waziri aliisogelea spika ile akaongea nayo kama anavyoongea na mzee asiyesikia vizuri.

"MTIIFU! WANANCHI WANAPENDA KUSOMA NINI?"

"Mwaka huu barua moja tu ya Neema imefunguliwa na karibu kila aliyeipata," Mtiifu alijibu. "Ni ile ya kutangaza kifo cha mhasibu wenu. Kichwa chake kilianza na neno Tanzia."

"Walimpenda mhasibu?"

"Hawakumjua, Mheshimiwa. Ila watu wa nchi hii wanazikana. Wakiliona neno hilo wanataka kujua ni nani, msiba uko wapi, na wanazika lini. Wanafungua kwa sababu wanaliamini. Nashauri lisiguswe. Nashauri pia mpunguze salamu, muwaandikie watu mambo wanayowauliza."

Waziri alisimama. Macho yake yalilowa, maana alikuwa mzalendo.

"Umesikia, Mbaruku? Limebaki neno moja nchini ambalo watu wanaliamini, na lilikuwa limekaa bure!"

Mbaruku alimkumbuka mama yake na sufuria lake. Alimkumbuka kwa muda wa kumeza mate. Kisha kiyoyozi kikampulizia shingoni, akasema, "Wazo la Mheshimiwa ni la kihistoria."

Kesho yake raia wote waliamka na barua yenye kichwa: TANZIA, AMETUTOKA. Wakaifungua huku wameshika vifua. Ndani, baada ya itifaki, waliarifiwa kwamba aliyetutoka ni Umaskini, aliyefariki dunia kutokana na juhudi za Mtukufu. Siku iliyofuata alikufa Ujinga, ghafla, akiwa usingizini. Kisha Foleni za Hospitali zikaaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Idadi ya waliofungua ikapanda, ikapanda, mpaka Mtukufu akamvisha Waziri nishani, na Waziri akampa Mbaruku picha ya nishani hiyo ikiwa ndani ya fremu.

Mtiifu alikuwa akitoa ripoti kila jioni, na kila ripoti aliimalizia kwa maneno yale yale: watu wanafungua kwa haraka na kufunga kwa hasira, na hasira hiyo inaongezeka. Waziri akaagiza spika ipunguzwe sauti.

Siku aliyokufa Njaa, Bi. Mwatumu alisomewa kichwa cha barua na jirani yake Bi. Raya, ambaye simu yake ilikuwa na ufa katikati ya kioo na haikuonyesha zaidi ya mistari ya juu na ya mwisho. Juu palikuwa na tanzia. Chini palikuwa na anwani: Wizara ya Furaha, Jengo la Tabasamu. Basi Bi. Mwatumu akakusanya kinamama wa Mikoroshoni, wakabeba mchele, sukari na mikeka, wakaingia Jengo la Tabasamu wakilia. Walinzi walivua kofia wakawapisha. Wakapanda ngazi mpaka ofisi ya Mhariri Mkuu.

"Mwanangu!" Bi. Mwatumu alimwangukia. "Kafa nani hapa? Maiti iko wapi? Mmeshaiosha?"

Mbaruku alitamani ardhi ipasuke. Akamvuta mama yake pembeni, karibu na kabati, akamweleza kwa sauti ya chini kuwa hakuna maiti, ni lugha ya kitaalamu, ni namna ya kuwavutia wasomaji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Wenzake walikuwa wamekwisha kutandika mikeka korido nzima, na Waziri, aliyetoka kusikia kelele, alikuwa katikati yao anapigwa picha akiwa amejifunika uso kwa leso.

"Kumbe mnaita watu msibani, kisha hakuna msiba," Bi. Mwatumu alisema.

"Ni jarida tu, mama."

"Mbaruku. Watu wakiitwa bure leo na kesho, keshokutwa hawaji. Na mimi keshokutwa ndiyo yangu. Mwanangu, unaniharibia kifo changu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Akajitwisha mchele wake, akashuka ngazi zile zote kwa miguu yenye uvimbe, na Mbaruku hakumsindikiza, kwa sababu Waziri alikuwa anamwita aje aandike maelezo ya picha.

Baada ya hapo wananchi walianza kuwa wagumu. Hawakutaka tena kusikia vifo vya Umaskini, hasa waliokuwa wakikutana naye kila siku mlangoni. Walitaka jina la mtu, na mtaa. Waziri akaagiza ipatikane tanzia ya mtu halisi kila asubuhi. Ikaonekana kuwa wapo wanaokufa, na wengi tu, lakini hawafi kwa mpangilio: siku nyingine wanakufa kumi na siku nyingine hakuna, au anakufa mtu asiye na sura nzuri kwenye picha. Wizara ikaamua kuwageukia wagonjwa.

Mwanasheria wa Wizara aliulizwa kama sheria inaruhusu. Akavaa miwani.

"Kutangaza kifo cha mtu aliye hai ni habari ya uongo, na adhabu yake ni jela," alisema. "Hiyo ni kwa mwananchi. Serikali ikifanya hivyo, inakuwa ni habari iliyowahi."

Wa kwanza kuwahiwa alikuwa Mwalimu Chande, mstaafu, aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Mtiifu alikataa. "Mwalimu Chande hajafa," alisema. "Siandiki kwamba amekufa." Hivyo Mbaruku akaandika mwenyewe kwa mkono wake, na kwa kweli aliandika vizuri sana, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma.

Mwalimu Chande aliisoma tanzia yake kitandani, akacheka mpaka akakohoa. Muuguzi naye alikuwa ameisoma. Akaja na shuka safi, akamwomba marehemu ampishe mgonjwa aliyekuwa sakafuni. Mwalimu akarudi nyumbani kwa kujikongoja, akakuta turubai limefungwa na majirani wako kwenye sahani ya pili ya wali. Walimkasirikia sana. Wengine walikuwa wametoka mbali. Mkewe peke yake ndiye aliyefurahi, naye hakufurahi mara moja, alizimia kwanza.

Siku ya tatu Mwalimu alifika ofisini kwa Mbaruku, anatetemeka, akaomba jarida likanushe, maana duka la dawa linakataa kumuuzia marehemu dawa.

"Mwalimu, shikamoo," Mbaruku alisema, kwa kuwa Chande alimfundisha kusoma darasa la kwanza. "Serikali haikanushi. Ikipenda hutoa ufafanuzi."

"Basi utoe huo ufafanuzi, mwanangu."

Kesho yake Neema liliandika: "Marehemu Mwalimu Chande anaendelea vizuri." Hakuendelea vizuri kwa muda mrefu. Homa ilimrudia, dawa hakupata, akafa kweli, na walipopelekewa habari watu walisema, huyo si alishakufa, wali wake tulishakula. Alizikwa na mkwewe na mchimba kaburi.

Mbaruku aliisikia habari hiyo. Hakulala vizuri, lakini kufikia mwisho wa wiki alikuwa analala.

Kiangazi cha mwaka ule kikawa kikali, mabomba ya mji yakakauka, na Neema likakauka nalo. Idadi ya waliofungua ikashuka kuliko hata zama za itifaki. Neno tanzia lilikuwa limekwisha nguvu kabisa: watu walilifuta bila kulitazama, wakawafundisha na wazee wao namna ya kulifuta. Watu walikufa na waliobaki hawakuambiana, au waliambiana wasiamini. Kwenye misiba ya kweli turubai zilisimama tupu, upepo unazipigapiga, na wafiwa wanaona aibu kama waliofanya kosa.

Katika kiangazi hicho Bi. Mwatumu akaugua. Mbaruku alimkuta amelala kwenye mkeka, amekonda, macho bado makali.

"Nikifa usinitie kwenye hilo dude lako," alimwambia. "Tuma watu kwa miguu. Wagonge milango, waseme kwa mdomo. Nisikie, Mbaruku. Kwa mdomo."

"Sawa, mama."

"Wakose pa kushika."

"Sawa, mama."

Alikufa Ijumaa asubuhi. Mbaruku alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo nalisema bila kejeli. Kisha akafikiria kugonga milango. Mtu wa cheo chake, juani, anapita mtaa kwa mtaa? Na anwani za nchi nzima anazo kiganjani? Akafungua Neema, akaandika tanzia ambayo hajawahi kuandika nyingine nzuri kama hiyo. Hakuweka salamu hata moja. Akataja sufuria, kanga ya pili, maiti alizoziosha mama yake. Mtiifu aliisoma akasema, "Hii ni kweli. Pole sana, Mbaruku," akaituma kwa watu wote.

Adhuhuri ikapita. Chini ya turubai alikuwepo Mbaruku, shehe, na waosha maiti wawili wa kukodi, waliomwosha Bi. Mwatumu kwa maji ya chupa za mkutano wa Wizara, kila chupa ina picha ya Waziri anatabasamu.

"Mtiifu, wamefungua wangapi?" aliuliza kwenye simu.

"Watatu. Wewe, Waziri, na muuza sanda. Waziri amejibu. Anasema sufuria limemgusa, endelea hivyo hivyo."

"Nifanye nini?"

"Nenda ukagonge milango. Muda bado upo."

Akaenda. Aligonga mlango wa kwanza, kijana akachungulia dirishani. "Mhariri! Leo kafa nani, Umaskini tena?" Dirisha likafungwa. Mlango wa pili walimcheka. Wa tatu mzee mmoja alimwambia kwa heshima, "Mwanangu, mama yako mzima, nyie mmemuwahi tu, rudini mkamtazame vizuri." Milango mingine haikuwa na mtu, watu wametoka kutafuta maji. Alirudi shati limeloa, akajifungia chumbani na maiti ya mama yake.

"Mtiifu. Kuna kitu chochote ambacho bado wanakifungua?"

"Matangazo ya mgao wa maji. Hayo wanayafungua wote, tena wanatumiana."

Mbaruku akaanza kuandika. Mtiifu alisoma kadiri herufi zilivyokuwa zinaingia.

"Hakuna maji makaburini, Mbaruku. Hii siitumi. Watu hawa wana kiu, na wana watoto. Nikusaidie kuandika kwa wachache ambao mama yako aliwazikia ndugu zao, kwa majina, tuwaombe msamaha? Pengine watakuja watano."

"Watano hawatoshi!" Mbaruku alipiga kelele. "Alitaka wakose pa kushika!"

Akabonyeza mwenyewe.

MAJI: yatafunguliwa leo alasiri, bomba jipya, makaburi ya Mikoroshoni.

Walikuja. Walikuja kutoka mitaa ambayo Bi. Mwatumu hakuwahi kuifikia, na ndoo, madumu, mapipa ya kusukuma, masufuria ya harusi. Wanawake, ambao kwa desturi ya kule hawaendi makaburini, walifika wa kwanza, kwa kuwa maji huchota wao. Jeneza lilipotokea kwenye kona likiwa juu ya mkokoteni wa kukodi, umati ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Shehe alilia. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu aliyependwa hivi.

"Maji yako wapi?" watu waliuliza.

"Baada ya kuzika," Mbaruku alisema.

Basi walizika. Jeneza lilinyakuliwa kutoka kwenye mkokoteni, likapita juu ya vichwa, mikono mia inaligombea ili lifike upesi, na waliokosa pa kushika walisukuma waliopata. Dua ikasomwa mbio mbio, huku watu wanasema "Amin" kabla shehe hajafika mwisho wa sentensi. Majembe hayakutosha, wakafukia kwa ndoo. Haijawahi kuonekana maziko ya haraka kama yale. Simu ya Mbaruku ikalia mfukoni: Waziri, anapongeza, barua imevunja rekodi zote, Mtukufu anataka kichwa cha Maji kila asubuhi.

Kisha umati wote ukamgeukia Mbaruku.

Bi. Raya, yule jirani mwenye simu yenye ufa, alitoka mbele na dumu lake la njano. Alikuwa hajakanyaga Mikoroshoni tangu juzi, akizunguka mji na watoto kutafuta maji. Akatazama kaburi, akamtazama Mbaruku.

"Tumemzika nani?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu, Bi. Raya. Bi. Mwatumu."

Dumu likamponyoka. "Mwatumu wangu? Mwatumu aliyenioshea wanangu wawili?" Akapiga magoti kwenye udongo ule alioumwaga mwenyewe kwa pupa dakika chache nyuma, akaanza kuutengeneza kwa viganja, anausawazisha, analia. "Barua niliiona asubuhi. Nikaifuta. Nikajua ni zile zenu. Ningekuja, Mbaruku. Ningekuja kwa magoti, ningemuosha mimi, ungenitumia tu hata mtu mmoja ninayemwamini."

Nyuma yao ndoo zilianza kugongana, na sauti za wanaume zilikuwa zimeanza kupanda, na walio mbele walikuwa wanasogea.

Bi. Raya alilia mpaka akatosheka. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka, akaliokota dumu lake, akalikung'uta udongo.

"Haya," alisema. "Na maji je?"